Ndoo kumi za mrehani kwenye roshani: uchambuzi wa kisa kimoja cha pwani

Nyumba na waliolima

Kisa hiki ni cha nyumba ya ghorofa katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina, mtaa na mwaka vimeondolewa. Waliolima ni wawili: mama wa makamo anayetunga vikuba vya harusi, yaani vishada vidogo vya maua na majani ya kunukia, na binti yake anayepika chakula cha kuagizwa hapo hapo nyumbani. Kila mmoja alikuwa na lake kwenye mrehani. Mama alitaka vishada vya juu vyenye maua yanayoanza kufunguka, maana kikuba cha asmini na waridi kisicho na mrehani kina upungufu ambao pua inautambua mara moja. Binti alitaka majani mapana na laini, ya kusaga na kitunguu saumu na mafuta, na ya kutupia juu ya mchuzi wa nyanya sufuria ikishaepuliwa.

Matakwa hayo mawili yanavutana. Mrehani ukiachwa utoe maua, majani hudumaa. Ukikatwa kila mara ili utoe majani, maua hayaji. Mwanzoni hakuna aliyeliona hilo, na mengi ya miezi mitatu ya kwanza yanaanzia hapo.

Tuweke jina sawa kabla ya kuendelea. Mrehani tunaouzungumzia ni Ocimum basilicum, wa ukoo mmoja na mnanaa. Jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Kivumbasi ni ndugu yake, lakini siye. Kivumbasi hufukuza mbu na huingia kwenye dawa za kienyeji. Ukikitia kwenye mchuzi wa nyanya utapata harufu kali isiyokaa na chakula. Wapo wanaouziwa miche ya kivumbasi wakiambiwa ni mrehani. Njia rahisi ni kuvunja jani na kulinusa kabla ya kulipa.

Roshani, udongo na mbegu za aina mbili

Roshani ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.2, inatazama mashariki, na hupata jua kuanzia saa moja asubuhi hadi kama saa saba mchana. Saa sita za jua zinautosha mrehani. Kasoro ya roshani ilikuwa ukuta wake: umejengwa kwa matofali bila matundu, kimo cha mita moja, kwa hiyo upepo unapita juu ya ndoo badala ya kupita katikati ya majani. Kumbuka ukuta huu.

Vyombo vilikuwa ndoo kumi za plastiki za lita 20 zilizotumika, kila moja imetobolewa matundu matano ya ukubwa wa kidole kidogo kwenye kitako. Ndani yake walitia lita 15 hivi za mchanganyiko: sehemu mbili udongo wa juu, sehemu moja samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na sehemu moja makapi ya mpunga ili maji yasituame. Mchanganyiko mzuri, na haukuwa chanzo cha tatizo lolote kati ya yaliyofuata.

Mbegu zilikuwa za namna mbili. Binti alinunua pakiti ya aina ya Genovese, ile ya majani mapana yaliyobinuka kama kijiko. Mama alikwenda duka la viungo akanunua tukmaria, zile zile zinazotiwa kwenye faluda, kinywaji baridi cha maziwa. Binti alidhani mama anatania, lakini mama alikuwa sahihi: tukmaria ni mbegu za mrehani. Ukizitia kwenye maji, kwa dakika chache kila punje huvaa utelezi mweupe unaong'aa. Utelezi huo ndio unaopendwa kwenye faluda, na udongoni huisaidia mbegu kushika maji wakati wa kuota. Kwa sababu hiyo hiyo mbegu za mrehani haziloweshwi kabla ya kuatika: zitashikamana ziwe bonge na hutaweza kuzitawanya. Upungufu wa tukmaria ni kwamba hujui umenunua aina gani. Hizi ziliota mirehani ya majani membamba, yenye harufu inayokaribia karafuu, na yenye haraka ya kutoa maua.

Ziliatikwa wiki ya kwanza ya Januari kwenye visahani vya plastiki, kina cha nusu sentimita. Zilianza kuchomoza siku ya tano. Theluthi ya miche ya Genovese ilianguka kwa kinyaushi: shina linanywea usawa wa udongo, mche unalala, kwisha. Walikuwa wamemwaga mbegu nene kama chumvi na kufunika kisahani kwa plastiki usiku na mchana. Waliatika tena, mbegu moja kila sentimita mbili, wakaondoa plastiki mara tu vichwa vilipotokeza, na wakawa wanaweka kisahani ndani ya beseni lenye maji kidogo ili udongo unywe kutoka chini. Kinyaushi hakikurudi.

Wiki ya pili ya Februari miche ikiwa na jozi tatu za majani ilihamishwa, mitatu kwa kila ndoo. Ndoo sita zilipata Genovese, nne zikapata mrehani wa tukmaria. Ndoo zote zilipangwa zikigusana, kwa sababu roshani ni nyembamba na nguo pia zinaanikwa hapo.

Machi: mavuno yaliyoumiza mmea

Mwanzoni mwa Machi mirehani ilikuwa na kimo cha sentimita 25 na binti akaanza kuvuna. Alivuna kama wengi wanavyovuna: jani moja moja, akichagua makubwa, na makubwa yako chini. Aliona yale ndiyo yaliyokomaa, na madogo ya juu ayaache yakue.

Ni kinyume chake. Majani makubwa ya chini ndiyo yanayoulisha mmea. Ukiyachuma, mmea unabaki na ncha changa ambayo bado haijaweza kujitegemea, na ncha hiyo inaendelea kukimbilia juu. Baada ya wiki mbili kila mmea ulikuwa shina moja refu, tupu kuanzia chini hadi katikati, na kishungi cha majani juu. Upepo wa kaskazi ukivuma mimea ilikuwa inalala. Na kwa sababu hakuna ncha iliyokatwa, kila shina liliendelea kuelekea pale kila shina la mrehani linapotaka kufika, yaani kwenye ua.

Wiki ya tatu ya Machi maua yalitokeza kwenye ndoo zote kumi. Mama alifurahi, kwa kuwa alikuwa na kazi za harusi mbili. Alimwambia binti, "Mwanangu, usiyaguse haya mpaka Ijumaa." Binti aliheshimu. Ijumaa ilipofika, majani ya Genovese yalikuwa yamepungua hadi nusu ya upana wa awali na yana uchungu kidogo ulimini. Shina la mrehani likishafunga ua kwenye ncha haliongezi tena majani mapya hapo. Nguvu inakwenda kwenye maua na mbegu.

Wiki hiyo hiyo kulitokea hasara nyingine, ndogo lakini ya kuudhi. Binti alikata gramu 300 Alhamisi jioni kwa ajili ya oda ya Jumamosi, akayatia kwenye mfuko wa plastiki na kuyaweka chini kabisa ya friji. Jumamosi asubuhi majani yalikuwa na mabaka meusi kama yaliyodondokewa na wino. Hayakuwa yameoza. Mrehani ni mmea wa joto na baridi iliyo chini ya nyuzi 10 za Selsiasi huunguza majani yake. Friji nyingi za nyumbani ziko nyuzi 4 au 5. Sukuma na mchicha huokolewa na friji; mrehani huharibiwa nayo.

Aprili: manjano yaliyodhaniwa kuwa njaa

Masika yalianza siku za mwisho za Machi. Karibu na tarehe 5 Aprili majani ya Genovese kwenye ndoo mbili za pembeni, zilizo karibu kabisa na ukuta, yalianza kupauka na kuwa ya manjano. Binti alipiga picha kwa simu akaionyesha kwenye duka la pembejeo. Jibu alilopata ni kwamba mmea una njaa, mvua imesomba naitrojeni, atie urea.

Jibu hilo halikuwa la kijinga. Mvua husomba kweli naitrojeni kwenye ndoo, na mmea wenye njaa hugeuka manjano kweli. Lakini picha ilionyesha upande wa juu wa jani tu, na hakuna aliyeuliza manjano yalianzia wapi.

Urea ilitiwa kijiko kimoja cha chai kwa kila ndoo, ikiwa kavu, juu ya udongo, na ikarudiwa baada ya siku nne. Kwa lita 15 za udongo hiyo ni mbolea nyingi mno. Kingo za majani ziliungua na kukauka kahawia, na machipukizi mapya yakatoka laini na yamejaa maji, mapana, yamesongamana. Roshani ilikuwa na unyevu mwingi kuliko wakati wowote, na binti alikuwa akimwagilia saa kumi na mbili jioni kwa kumimina juu ya majani, kama alivyozoea tangu kiangazi. Wiki iliyofuata ndoo tano kati ya sita za Genovese zilikuwa za manjano. Ndoo nne za mama zilikuwa na majani machache tu yenye madoa.

Kisha walipuliza maji ya sabuni na majani ya mwarobaini yaliyopondwa, kila jioni kwa siku sita. Maji hayo hufaa kwa vidukari na inzi weupe. Hapa yalifanya jambo moja tu: yaliyalowesha majani usiku, na yaliyobaki yakageuka manjano kabla wiki haijaisha.

Jani ndani ya mfuko

Aliyelitambua tatizo ni jamaa wa familia aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la viungo vya kusafirisha nje. Alifika saa moja asubuhi, na cha kwanza alichofanya ni kupindua jani. Upande wa juu lilikuwa na vipande vya manjano vyenye mipaka iliyonyooka, kila kipande kimeishia kwenye mshipa, kana kwamba mtu amepaka rangi akaogopa kuvuka mstari. Upande wa chini, chini ya kila kipande, kulikuwa na vumbi la kijivu lenye weusi wa zambarau, kama majivu yaliyonata. Alilisugua kwa kidole. Kidole kikabaki na doa.

Mama hakuridhika na akasema huenda ni vumbi la barabarani. Basi wakafanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Walichuma majani matatu yaliyoanza manjano lakini safi upande wa chini, wakayafuta taratibu, wakayatia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kipande cha karatasi kilicholowa, wakaufunga na kuuweka ndani ya kabati lenye giza usiku kucha. Asubuhi upande wa chini wa majani yote matatu ulikuwa umeota lile vumbi. Vumbi la barabarani haliwezi kuota ndani ya kabati.

Ulikuwa ubwiri vinyoya wa mrehani, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Peronospora belbahrii. Usichanganywe na ubwiri unga, ambao ni mweupe na hukaa zaidi upande wa juu wa jani. Uganda ndiko ugonjwa huu ulikoripotiwa kwa mara ya kwanza kwenye mrehani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kisha haukusikika sana hadi 2001 ulipozuka Uswisi, ukaingia Italia, na 2007 ukafika Florida, Marekani. Leo uko karibu kila mahali panapolimwa mrehani, na husafiri kwa upepo na kwa mbegu.

Namna unavyoishi inaeleza karibu kila kitu kilichotokea kwenye roshani. Vumbi lile ni vijimbegu vyake. Huviumba usiku, gizani, hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Kijimbegu kikiangukia jani lenye maji hupenya ndani kwa saa chache, na jani huendelea kuonekana zima kwa takriban wiki moja kabla ya manjano kutokea. Kwa hiyo jani lililolowa saa kumi na mbili jioni na kukaa hivyo hadi jua la asubuhi ni mlango uliofunguliwa usiku kucha. Ukuta usiopitisha upepo, ndoo zinazogusana, machipukizi laini yaliyosongamana kwa urea, na dawa ya maji iliyopulizwa jioni, vyote viliongeza saa za unyevu kwenye jani.

Walichoamua, na sababu zake

Lililofikiriwa kwanza ni dawa ya ukungu. Binti aliulizia mankozebu, dawa moja ya aina hiyo. Waliikataa kwa sababu mbili. Majani haya huliwa mabichi na huvunwa kila wiki, kwa hiyo muda wa kusubiri baada ya kupuliza usingeheshimika. Na dawa ya kukinga haiutoi ugonjwa ambao tayari umo ndani ya jani; ingewekwa kwenye majani ambayo tayari yameshindwa.

Siku ya kwanza walifanya kosa: walikata vichwa vyote vilivyougua wakavirundika kwenye ndoo ya taka iliyo wazi, pale pale roshani, na vikakaa siku mbili. Kila asubuhi upepo mdogo uliopatikana ulichukua vijimbegu kutoka humo. Siku ya tatu ndipo waling'oa ndoo nne zilizozidi, asubuhi majani yakiwa yamekauka ili vumbi lisisambae kwenye maji, wakafunika kila mmea kwa mfuko kabla ya kuugusa, wakafunga na kutoa nje.

Ndoo mbili za Genovese zilizobaki zilipunguzwa kutoka miche mitatu hadi miwili, zikasogezwa chini ya upenu mvua isipofika, na kutenganishwa kwa sentimita 40. Umwagiliaji ulihamishiwa asubuhi, kwa kopo, mdomo wa kopo ukigusa udongo. Urea ikasimamishwa. Ndoo nne za mama ziliachwa na kutengwa upande wa pili wa roshani. Kilichowatia kigugumizi ni ukuta. Hatimaye fundi alitoboa safu ya matofali ya chini na kuweka matofali ya matundu. Lilikuwa badiliko la gharama kubwa kuliko yote.

Juu ya matumizi waligawana. Mrehani wa tukmaria ukawa wa kikuba, Genovese ikawa ya jikoni. Genovese haitaruhusiwa kuchanua hata siku moja.

Namna ya kukata

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza mrehani mzima bila ugonjwa wowote.

Tazama shina la mrehani kwa karibu. Majani hutoka mawili mawili, yakitazamana, kwenye kifundo. Kwapani mwa kila jani, pale linapoungana na shina, kuna kichipukizi kidogo, wakati mwingine kikubwa kama punje ya mchele, wakati mwingine kama kichwa cha sindano. Ncha ya juu ikiwepo, vichipukizi hivyo hulala. Ukikata ncha, viwili vilivyo chini ya mkato huamka. Shina moja linakuwa mawili. Ukikata hayo mawili baadaye, yanakuwa manne.

Kwa hiyo mche ukifika sentimita 15 hadi 20, wenye jozi nne au tano za majani, hesabu jozi mbili kutoka chini, kisha kata shina nusu sentimita juu ya jozi ya pili. Usiache kijiti kirefu juu ya kifundo, maana kitakauka na kuoza hadi chini. Usikate chini ya kifundo pia, maana umeondoa vichipukizi ulivyovihitaji. Tumia mkasi safi. Mkato wa kwanza hutoa mavuno madogo, na wengi huona uchungu kuufanya. Ndio unaoamua kama utakuwa na fimbo au kichaka.

Baada ya hapo kata kila wiki mbili au tatu, kila tawi juu ya jozi ya kwanza au ya pili ya majani yake mapya, bila kuchukua zaidi ya theluthi ya mmea kwa mara moja. Majani ya chini kabisa usiyaguse ila yakiwa yameugua au yanagusa udongo. Kata asubuhi umande ukishakauka na kabla jua halijakolea. Ukiona ncha imeanza kujikaza, majani yake ya juu yakawa madogo na yamepangana kwa safu nne kama mnara, hilo ni ua linalokuja. Kata hapo hapo, jozi mbili chini yake, hata kama huhitaji majani siku hiyo.

Kwa mrehani wa kikuba utaratibu ni mwingine. Nusu ya matawi huachwa yachanue, nusu hukatwa yabaki majani. Vishada hukatwa asubuhi maua ya chini yakiwa yamefunguka na ya juu bado, hutiwa kwenye glasi ya maji kivulini, na hukaa vizuri hadi alasiri matumba ya asmini yanapochumwa. Tawi lililotoa kishada hukatwa siku hiyo hiyo hadi kwenye jozi mbili za majani, kisha zamu huhamia nusu nyingine. Hivyo mmea haumalizi mbegu, na kukomaza mbegu ndiko kunakoufikisha mrehani mwisho wa maisha yake.

Mavuno ya jikoni nayo hutiwa glasini kama maua: maji ya sentimita 3, majani ya chini yameondolewa yasizame, mfuko mwepesi juu bila kubana, mezani mbali na jua. Maji hubadilishwa kila siku. Hukaa siku nne hadi saba, na mashina mengi huanza kutoa mizizi humo humo.

Matokeo

Ndoo mbili za Genovese zilizookolewa hazikupona kabisa. Majani mapya yalitoka safi, kisha baada ya siku kumi machache yakaonyesha manjano tena. Zilivunwa zikiwa changa, kila jani safi likatumika, na mwisho wa Mei ziling'olewa. Majani yenye ugonjwa hayamdhuru mtu, ila ladha yake imekufa na hakuna mpishi atakayeyaweka mezani.

Ndoo nne za tukmaria zilivuka masika zikiwa na madoa hapa na pale. Mirehani ya majani mapana ndiyo dhaifu zaidi kwa ugonjwa huu. Yenye majani membamba na harufu ya viungo au ndimu huvumilia zaidi kwa kawaida. Mama aliendelea kutunga vikuba.

Juni mvua zilipokoma waliatika Genovese upya kwenye ndoo tano, miche miwili kila ndoo, ndoo zikiachana. Walikata ncha kwenye sentimita 18. Binti alikuwa ameanza kupima kwa mizani ya jikoni: Machi, kwa kuchuma jani jani, ndoo moja yenye miche mitatu ilimpa gramu 60 hadi 70 kwa wiki mbili na mmea ukizidi kudhoofika. Kuanzia Agosti, kwa kukata juu ya vifundo, ndoo moja yenye miche miwili ilimpa kati ya gramu 90 na 110 kwa wiki mbili, na ilifanya hivyo mara nne mfululizo.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kosa lililogharimu zaidi lilikuwa kutibu rangi bila kuuliza mahali. Njaa ya naitrojeni huanzia kwenye majani ya chini kabisa, yaliyozeeka, na jani zima hupauka sawasawa kwa sababu mmea unalinyang'anya chakula ili kuyalisha ya juu. Ubwiri vinyoya huja kwa vipande vinavyokomea kwenye mishipa na una vumbi upande wa chini. Mbolea au chumvi iliyozidi huunguza kingo. Mnyauko fuzari, ugonjwa mwingine wa mrehani, hulegeza tawi moja mchana wa jua huku udongo ukiwa na maji, na ukilikata shina utaona mstari wa kahawia ndani. Dalili nne tofauti, na zote mtu wa haraka ataziita manjano. Picha ya simu ingetosha kabisa kama ingekuwa mbili, ya juu ya jani na ya chini.

Kati ya marekebisho yote, nauona muda wa kumwagilia kuwa ndio uliofanya kazi kubwa, na haukugharimu kitu. Matofali ya matundu yalisaidia, ila yangeweza kusubiri: kuinua ndoo juu ya stuli au matofali mawili ili majani yapite kimo cha ukuta kungeleta sehemu kubwa ya upepo ule ule. Kung'oa kulikuwa sahihi lakini kulichelewa wiki mbili, na zile siku mbili za taka wazi nadhani ndizo zilizozipa madoa ndoo za mama.

Kugawana aina kulimaliza mvutano wa mama na binti kwa njia ambayo ratiba yoyote ya zamu kwenye mmea mmoja isingeweza. Kulileta jambo dogo ambalo hawakulitarajia. Septemba mama alihifadhi mbegu za mrehani wake, na miche iliyoota ilikuwa mchanganyiko: mingine ya jani jembamba, mingine ya kati, mmoja wenye jani pana lisilo na harufu ya maana. Binti alikuwa ameiacha ndoo moja ya Genovese ichanue aliposafiri, na nyuki huchavusha mirehani bila kuchagua. Sasa mbegu za Genovese hununuliwa, na mrehani wa kikuba huendelezwa kwa vipandikizi: tawi la sentimita 10 lisilo na ua, majani ya chini yameondolewa, kwenye glasi ya maji kivulini. Mizizi hutoka ndani ya siku saba hadi kumi, na ikifika sentimita 3 tawi hupandwa.

Kwa masika yanayofuata wameamua kutopigana. Wiki ya pili ya Machi Genovese yote itakatwa, majani yatakatwakatwa na mafuta, yatatiwa kwenye vijitreya vya barafu na kugandishwa. Mchanganyiko wa mafuta na majani mabichi hauachwi nje ya friza, kwa kuwa ndani ya mafuta yasiyo na hewa bakteria wa botulizimu, wenye sumu hatari, wanaweza kuzaliana. Ndoo tano zitakaa tupu hadi Juni, na roshani hiyo itaanikiwa nguo.